Mama anavaa mashine za masikio, nimpeleke konseti ya Krismasi ya okestra na kwaya au nitakuwa namtesa?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, anavaa mashine za kusikia masikio yote mawili, mwaka wa tatu sasa. Ujanani aliimba kwaya, sauti ya alto, na kwake Krismasi bila kwaya bado haijawa Krismasi. Mwaka huu nataka zawadi yake iwe kumpeleka konseti ya Krismasi, okestra kamili ya simfoni na kwaya kubwa. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho tulipoenda kusikiliza kwaya yenye tarumbeta na ngoma alivumilia nyimbo mbili tu akavua mashine akazitia kwenye pochi, anasema sauti zilikuwa zinakwaruza kama spika iliyopasuka na filimbi ilikuwa inayumbayumba. Kaka yangu anasema ni kutupa hela, mtu asiyesikia vizuri mziki wa nini. Shangazi naye kasema kelele zile zitammalizia hata kausikivu kalikobaki. Mimi nilikuwa nafikiria nimkatie siti ya mbele kabisa ili asikie vizuri. Nikate? Abaki na mashine au avue? Na hayo mambo ya makofi na kusimama tunafanyaje, maana hatujawahi kwenda na sitaki mama aaibike."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumfikiria mama hivyo. Nianze na jibu kabisa halafu maelezo yafuate: mpeleke. Ila siti ya mbele kabisa usikate, na kabla hata ya kugusa tiketi mpigie simu yule mtaalamu aliyemsetia mama mashine zake uombe miadi, maana kilichomtesa mama siku ile kwa sehemu kubwa si masikio yake, ni mashine kufanyishwa kazi ambayo haikusetiwa kufanya, na hiyo mara nyingi inarekebishika.

Naelewa hofu yako imekaa sehemu tatu, kwamba utatumia hela akakae pale anateseka, kwamba utamuumiza masikio, na kwamba mtajikuta mnafanya kitu watu wote wanageuka kuwaangalia. Nitazipitia zote lakini ya kwanza ndo nitakaa nayo muda mrefu kwa sababu ndo wengi hawaelezwi, wanapewa mashine wanaambiwa utazoea, wakija kugundua mziki umeharibika wanadhani wamefika mwisho na wanaacha kabisa kuimba na kusikiliza. Inaniuma sana kuona hiyo kwa watu walioishi na mziki maisha yao yote.

Kwanza hili la kaka. Mwambie kwa upole kwamba usikivu kupungua hakumaanishi mziki umeondoka kichwani. Mama yako aliimba alto, kwa hiyo zile nyimbo za Krismasi anazijua kwa ndani, anajua alto inapita wapi soprano inapopanda, na ubongo wenye kumbukumbu hiyo unajaza mapengo ambayo sikio limeshindwa kuyaleta. Mtu anayesikia wimbo wa kwanza maishani akiwa na usikivu hafifu anapata tabu, anayesikia wimbo alioimba miaka na miaka anapata mengi kuliko unavyodhani. Yeye ndo mtu wa kupelekwa hasa.

Sasa tuingie kwenye sikio lenyewe. Ndani kabisa kuna kitu kimejikunja kama konokono, tunaita koklea, na ndani yake kuna seli zenye vinywele vidogo mno, zipo kama 15,000 hivi kila sikio, na zikifa hazioti tena. Umri ukienda zinazotangulia kuchoka ni zile za sauti nyembamba za juu, ndo maana mtu mzima anakwambia "nasikia unaongea ila sielewi unachosema", kwa sababu irabu ziko chini na zina nguvu anazipata, lakini s, t, f, k ziko juu na ni dhaifu, zinapotea. Kwenye okestra inakuwa hivyo hivyo, besi na ngoma mama anazipata bila shida, ila kengele ndogo za Krismasi, pembetatu ya chuma, ule ung'aavu wa violini na herufi za mwisho za maneno ya kwaya ndo vinapotea.

Halafu kuna jambo la pili ambalo watu hulishangaa. Sikio lililopoteza seli hizo halipunguzi kila kitu kwa kiwango kimoja. Sauti ndogo haisikiki kabisa, ya kati inasikika kidogo, ila kubwa inasikika kubwa vilevile kama kwa mtu mwingine na wakati mwingine inauma. Yaani nafasi kati ya "sisikii" na "imezidi" imebanwa. Ndo ile unamwambia mzee kitu hasikii, unapaza anakujibu "usinipigie kelele". Hana ukorofi, ndivyo sikio lake lilivyo sasa.

Mashine imetengenezwa kuishi ndani ya nafasi hiyo iliyobanwa, na kipaumbele cha kwanza cha waliotengeneza ni maongezi. Maongezi ya kawaida ya watu wawili yako kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hadi 65 hivi, mtu akipaza sauti anafika 80 na kitu. Okestra ya simfoni ikiwa na kwaya nyuma inaanza na violini zinazonong'ona chini hata ya 50, halafu tarumbeta, tromboni na ngoma za timpani zikiingia pamoja na kwaya nzima kilele kinaweza kupita 95, na karibu na jukwaa hata 100. Usizione namba ziko karibu karibu, kwenye desibeli kila 10 zikiongezeka nguvu ya sauti imezidishwa mara 10, kwa hiyo kutoka 60 kwenda 90 ni mara 1,000.

Hapo sasa. Mashine nyingi, hasa za miaka ya nyuma, pale sauti inapoingilia kutoka kwenye maiki kwenda kwenye kompyuta ndogo ya ndani pana kikomo, mara nyingi kwenye desibeli 95 hivi, kinachozidi hapo kinakatwa kichwa. Ule mkwaruzo wa spika iliyopasuka aliokwambia mama ndo huo, na amekueleza vizuri sana kuliko wagonjwa wangu wengi. Na angalia, akipunguza sauti ya mashine haimsaidii, maana uharibifu umeshatokea mlangoni kabla ya kitufe cha sauti, ni kama picha iliyopigwa ikaungua na mwanga, ukishusha mwanga wa skrini inakuwa giza tu, sura hairudi. Anabaki na mkwaruzo uleule ila mdogo.

Na filimbi kuyumba? Hiyo ni kitu kingine kabisa. Mashine karibu zote za kisasa zina kizuizi cha mlio, ule mluzi unaotoka mashine ikikaa vibaya sikioni. Kizuizi kinafanya kazi kwa kuwinda sauti nyembamba iliyonyooka isiyobadilika, ikiikuta inaiua au inaisogeza kidogo. Filimbi ikishika noti ndefu mashine inadhani ni mluzi wake, inaanza kupambana nayo, mama anasikia noti inatetemeka au inajirudia kama mwangwi, na hata filimbi ikinyamaza kamluzi kanabaki kidogo. Vivyo hivyo kipunguza kelele, chenyewe kimefundishwa kwamba maongezi yanapanda na kushuka, kinachovuma bila kukatika ni feni au injini, sasa violini 30 zikishika noti moja polepole au ogani ikivuma chini ya kwaya mashine inaona ni feni inaizima. Unaona eeh? Kila kinachomsaidia mama sebuleni na sokoni ndicho kinachomharibia mziki.

Dawa yake inaitwa programu ya mziki. Mashine nyingi zina nafasi ya programu zaidi ya moja na mtaalamu anaweza kuweka ya mziki peke yake, mama akibonyeza kitufe au wewe ukigusa simu inahama. Ila usiridhike ukiambiwa "ipo tayari", kuna mashine zimewekewa jina tu la mziki ndani ni ileile ya maongezi imeongezewa besi. Andika kwenye karatasi umpe: kizuizi cha mluzi kizimwe au kilegezwe kwenye programu hii, kipunguza kelele kizimwe, maiki zisielekezwe mbele tu zichukue ukumbi mzima, ule mbano ambao mashine inainua sauti ndogo na kuzuia kubwa ulegezwe na uende taratibu ili kwaya ikipanda mama asikie inapanda kweli, kikomo cha kuingizia sauti kipandishwe kama mashine inaruhusu, na kama ana ile setingi ya kuhamishia sauti za juu kushuka chini iondolewe kabisa kwa mziki, maana hiyo inahamisha noti zenyewe, soprano inaimba kitu mama anasikia kingine na aliyeimba kwaya hilo litamuudhi hasa. Mtaalamu mzuri hatachukia karatasi hiyo. Nendeni wiki kadhaa kabla, sio siku ya kuamkia konseti, kwa sababu mara chache inakaa sawa mara ya kwanza, mama anatakiwa akaijaribu kisha arudi aseme "huku juu inachoma, ongeza chini". Pa kuijaribia ni mazoezi ya kwaya yoyote kuliko simu, spika ya simu haina hata robo ya kile ukumbi utatoa.

Kuhusu kuvua. Hapa sitakupa jibu moja kwa sababu inategemea kipimo chake na mimi sijakiona. Usikivu wake ukiwa umepungua kiasi, sehemu kubwa za mziki zitamfikia hata bila mashine na zitakuwa safi bila mkwaruzo wowote, kwa hiyo uamuzi wake wa kuzitia kwenye pochi siku ile haukuwa wa ajabu. Anachopoteza ni zile sehemu laini, kengele, na maneno, na wewe ukimnong'oneza kitu hatakusikia. Ukiwa umepungua sana, akivua anabaki na ngoma na ukungu. Njia ya katikati ambayo napenda ni abaki nazo kwenye programu ya mziki, na asijisikie vibaya kuvua kipande chenye tarumbeta nyingi kisha kuvaa tena. Na kama programu ya mziki imeshindikana kabisa mpaka siku imefika kuna ujanja wa zamani, vipande viwili vitatu vya selotepu juu ya matundu ya maiki za mashine vinapunguza sauti kabla haijaingia ndani, pale pale penye tatizo. Unajaribu nyumbani kwanza, unabandika kwa mkono mkavu, na ukirudi unaibandua. Haipendezi ila inafanya kazi.

Shangazi ana nia njema na hofu yake ina msingi, sauti kubwa kweli inaua hizo seli. Lakini inaua kwa ukubwa ukizidishwa na muda. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2. Shirika la Afya Duniani kwa kusikiliza kwa starehe linasema 80 kwa masaa 40 ya wiki. Konseti ya okestra ni masaa mawili hivi pamoja na mapumziko, vilele ni vya sekunde chache na katikati yake kuna dakika nyingi za utulivu, kwa hiyo wastani wa aliyekaa katikati ya ukumbi kwa kawaida hauvuki hapo. Walio hatarini ni wapigaji wenyewe, hasa wale wanaokaa mbele ya tarumbeta kila siku mazoezini, na sisi wa kwaya tunaosimama nyuma ya tromboni na timpani. Mimi naimba, na mazoezi ya mwisho na okestra naweka vizibo vya masikio bila aibu. Mama kwa usiku mmoja, akiwa amekaa mahali pazuri na mashine yenye kikomo cha juu kilichosetiwa vizuri, haendi kumalizia usikivu. Ila kama shangazi anazungumzia disko lenye spika kubwa kama kabati, hapo nipo upande wake.

Haya, siti. Mbele kabisa inaonekana ya heshima na kwa hotuba ni nzuri, kwa okestra na kwaya inadanganya. Fikiria wanavyokaa: violini na wenzake mbele karibu na watu, katikati filimbi na klarineti, nyuma yao tarumbeta, tromboni na ngoma, halafu nyuma kabisa kwenye ngazi ndo kwaya. Aliyekaa mstari wa kwanza anasikia violini nne tano zilizo usoni kwake, anamuona mwongozaji mgongo tu, na kwaya inampita juu ya kichwa. Na hizo s, t na k za maneno zinasafiri kwa kunyooka, hazikunji kona kama besi, zinamfikia aliye na njia wazi kutoka midomo ya waimbaji mpaka alipokaa. Kwa hiyo tafuta siti ambayo mama ataona nyuso za kwaya. Mara nyingi ni katikati ya ukumbi panapoanza kuinuka, au mistari ya kwanza ya roshani. Epuka chini ya dari ya roshani kule nyuma, pale sauti inafika imechoka na mashine inazidi kuhangaika. Epuka pia zile siti za pembeni au nyuma ya jukwaa, kwaya itakuwa imewapa ubavu au mgongo. Sikio lake moja likiwa zuri kuliko lingine mkalishe sikio zuri liangalie jukwaani na wewe ukae upande wa lile dhaifu.

Maneno yote hatayapata na hilo mwambie mapema. Kumbi za mziki hutengenezwa ili sauti ikae hewani kama sekunde 2 baada ya kutoka, ndo inapopatikana ule ujazo mtamu, kanisa kubwa la mawe linaweza kushika mara mbili ya hapo au zaidi, na soprano ikipanda juu sana irabu zinafanana zenyewe hata kwa mwenye masikio ya kijana. Wewe mwenyewe utakosa maneno. Tafuta ratiba ya nyimbo mapema, mkae nayo nyumbani jioni mbili tatu mpitie maneno, atakwenda pale kichwa kimeshashika nusu.

Ukikata tiketi uliza pia kama ukumbi una mfumo wa kusaidia wasiosikia vizuri. Alama yake ni picha ya sikio lenye mstari, ikiwa na herufi T pembeni ujue kuna waya umetandazwa sakafuni unaorusha sauti moja kwa moja kwenye mashine zenye koili ya T, yaani kipokezi kidogo cha waya ndani ya mashine, sauti inatoka kwenye maiki za jukwaani hadi sikioni bila kikohozi cha jirani. Kumbi nyingine wanakupa kifaa cha kuvaa shingoni. Uliza na mtaalamu kama mashine za mama zina hiyo T na imewashwa, nyingi zinayo ila hakuna aliyeiwasha tangu zitoke kwenye boksi. Sio lazima aitumie konseti nzima, wengine wanapenda kwenye mistari ya muimbaji mmoja, okestra ikijaa wanarudi kwenye maiki za kawaida ili wausikie ukumbi.

Siku yenyewe betri mpya au chaji kamili, na akiba kwenye pochi. Safisha nta kwenye vichujio vya mashine jana yake, na sikio lenyewe usilichokonoe na pamba za vijiti, zinasukuma nta ndani zaidi. Fikeni mapema mkae. Kabla ya kuanza wataset ala, utasikia obo, ile ala nyembamba ya mdomo yenye sauti ya puani kidogo, inashika noti moja ndefu, ile ya "la" (A), kwa kawaida mitetemo 440 kwa sekunde au juu kidogo ya hapo, kisha wengine wote wanaifuata. Noti hiyo ndo kipimo chenu. Muulize mama palepale: imenyooka au inayumba? Ikiyumba bado yuko kwenye programu ya maongezi au kizuizi cha mluzi hakijazimwa, badilisheni hapo hapo kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Nimewafundisha wengi kitu hiki na kinaokoa usiku mzima.

Wakati wa mapumziko rudisha programu ya maongezi mpige stori, na mpeleke pembeni penye utulivu, kusikiliza kwa bidii kunachosha ubongo wa mtu mwenye mashine kuliko tunavyojua. Akisema nusu ya kwanza imemtosha msikilize, nusu moja aliyoifurahia inatosha. Kama mwishoni watu wote wataalikwa kuimba nyimbo za Krismasi muandae kwamba sauti yake mwenyewe itavuma kichwani akiwa na mashine, hilo ni la kawaida, ashushe kidogo kisha aimbe alto yake kwa nguvu zote.

Sasa kuna mambo ambayo ukiyaona usisubiri konseti wala usinisubiri mimi hapa, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu ukishuka ghafla ndani ya masaa au siku mbili tatu, hasa upande mmoja, hiyo ni dharura, dawa zinafaa zaidi zikianzwa siku za mwanzo, usiseme ni nta. Sikio kuuma au kutoa majimaji, kizunguzungu cha kuzunguka kabisa, mlio ndani ya sikio moja tu au unaopiga pamoja na mapigo ya moyo. Baada ya konseti akisema masikio yanalia au yamejaa mara nyingi inaisha kufikia kesho yake, isipoisha apimwe. Na kwa mtaalamu wa mashine rudini kama noti moja anaisikia tofauti sikio la kulia na la kushoto, au kipimo chake cha mwisho kina zaidi ya mwaka, inawezekana mashine bado inafuata usikivu wa zamani.

Lililobaki ni makofi, na hili dogo mwanangu, lisikunyime usingizi. Konseti ya Krismasi yenye nyimbo mchanganyiko watu wanapiga makofi kila wimbo ukiisha. Ikiwa ni kazi moja ndefu yenye vipande vingi wengi husubiri mpaka mwisho, na alama ni mwongozaji, mikono yake ikiwa bado juu kipande hakijaisha hata kama kuna ukimya, akiishusha na kugeuka mnapiga. Wewe subiri wa kwanza waanze, unachelewa sekunde moja na hakuna anayejua. Kwa mama ni muhimu kidogo kwa sababu sauti laini ya mwisho anaweza asiisikie akadhani imeisha, kwa hiyo akutazame wewe.

Kusimama ni kwenye wimbo wa Haleluya kutoka Messiah, kazi ndefu ya kwaya na okestra ya mtunzi Handel, ambao konseti nyingi za Krismasi huuweka ingawa kazi yenyewe ilipigwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, msimu wa Pasaka. Inasemekana mfalme George wa Pili wa Uingereza alisimama London mwaka uliofuata na watu wote wakasimama naye, ushahidi wa wakati ule wa kuthibitisha hilo haupo ila desturi ilishika. Sehemu nyingine ukumbi mzima unasimama, nyingine wachache, na anayebaki amekaa hajavunja sheria yoyote. Mama akitaka kusimama mshike mkono maana tarumbeta zinaingia hapo na sauti inapanda ghafla. Magoti yakikataa akae, tena kama waliosimama mbele hawajaziba, atawaona waimbaji vizuri akiwa ametulia. Ukishapata majibu ya mtaalamu kuhusu ile koili ya T na kikomo cha kuingizia sauti niandikie mashine ni ya aina gani na kipimo chake kinasomaje, nitakuambia kama kuna la kuongeza kabla ya siku yenyewe.